Wageni Wanasubiri, Maharusi Wako Ufukweni

Kadi iliandikwa saa kumi na mbili jioni, na waliotoka mbali ndio waliowahi. Saa mbili usiku ukumbi ulikuwa umejaa na watoto wamelazwa kwenye viti vilivyounganishwa viwili viwili. Nilikaa karibu na shangazi yake bwana harusi, mama wa miaka sabini na kitu, aliyepanda basi alfajiri kutoka Same. Mapajani alikuwa na mkoba wenye vitenge viwili vilivyokunjwa kwa unadhifu. Alitaka kuwavika maharusi kwa mikono yake, aseme maneno mawili ya baraka, kisha akapumzike. Kila baada ya dakika chache alinigeukia: "Mwanangu, bado tu?" Bado. Walikuwa ufukweni, wanapiga picha.

Waliingia saa tatu kasorobo. Bibi harusi alikuwa anachechemea, mchanga umeshika pindo la gauni. Ukumbi una saa yake ya kufungwa, kwa hiyo mshereheshaji akaanza kukata: wimbo huu tuuache, ukoo ule uje wote kwa pamoja. Zamu ya shangazi ilipofika saa sita ilikuwa inakaribia, akaambiwa mzigo wake ampe msimamizi. Vitenge vikasukumwa chini ya meza. Akarudi kukaa na mkoba mtupu mapajani, na hakuniuliza tena chochote.

Ukilalamika utajibiwa kwa sentensi moja, ambayo nimeisikia saluni, kwenye vikao vya kamati na hata kwa wazazi: chakula kitasahaulika, muziki utasahaulika, picha ndizo zitakazobaki. Naipinga kauli hiyo kwa moyo wote. Imewafanya watu waliochangiwa na ukoo mzima wauache ukoo huo huo kwenye viti kwa saa tatu. Na hata hicho inachokiahidi, yaani picha nzuri, haikileti.

Tuanze na jua. Dar es Salaam jua huzama muda mfupi baada ya saa kumi na mbili jioni mwezi Juni, na hata Januari, linapochelewa kabisa, halifiki saa moja. Tuko karibu na Ikweta, machweo hayakawii. Likishazama, baada ya nusu saa hivi ni usiku. Mwanga ule laini unaoipenda ngozi ni wa saa moja ya mwisho, basi. Sasa piga hesabu ya Jumamosi ya kawaida. Ibada ya saa nane inatoka saa kumi. Msafara unapangwa, matarumbeta yanapanda gari, foleni inawapokea. Wanafika ufukweni saa kumi na mbili kasorobo, mwanga umebaki kidogo, na kuna maharusi wengine watatu wanagombea mnazi ule ule. Mpiga picha anawasha taa. Kinachofuata kingeweza kupigwa nyuma ya ukuta wowote wa jiji hili, kwa sababu bahari haionekani tena.

Wenye haraka nao hupiga saa saba mchana, na hapo ni balaa jingine. Mwanzoni mwa Machi, na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, jua la mchana linasimama juu ya utosi wa mkazi wa Dar es Salaam sawasawa. Kivuli kinajaa kwenye vishimo vya macho, gauni jeupe linawaka, na kamera ikiupima mwanga kwa gauni hilo, uso mweusi unazama gizani. Fundi mzuri anajua kurekebisha. Lakini fundi mzuri huyo huyo, ukimuuliza, atakuambia anatamani kivuli cha mwembe ulio uani kwa kanisa, saa kumi na nusu, maharusi wakiwa wameshakunywa maji.

Mimi si adui wa picha. Ya ndoa ya mama yangu, ya mwaka 1979, ninayo sebuleni. Wakati ule mkanda wa filamu ulikuwa na picha 36, na mpiga picha aliyeombwa kuja nao mmoja hakuweza kuuchezea. Alingoja jambo litokee. Seydou Keïta wa Bamako, nchini Mali, aliyefungua studio yake mwaka 1948, alipiga zaidi kwa mwanga wa jua uani kwake, na kwa kawaida picha moja tu kwa mteja, kwa kuwa filamu ilikuwa ghali. Picha hizo leo zinatundikwa kwenye makumbusho makubwa ya dunia. Sisi tunaletewa picha elfu mbili kwenye kidude cha kuhifadhia, na bibi harusi hana hata moja anayotaka kuitundika ukutani, kwa sababu katika zote anaonekana anatii amri. Geuka. Inua kidevu. Cheka. Rudia. Ngozi italainishwa kwenye kompyuta; jicho lililochoka litabaki limechoka.

Kuna jambo jingine linaloniuma zaidi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mashahidi wasiopungua wawili. Haijataja kamera. Anayekuja harusini anakuja kushuhudia, ili kesho ndoa ikitetereka awepo wa kusema, nilikuwepo, niliwasikia mkiahidi. Leo wakati wa viapo wapiga video wawili wanasimama mbele ya madhabahu, mgongo kwa waumini, na nyuma yao simu mia zimeinuliwa. Mama mzazi anamtazama bintiye kupitia kioo cha simu ya mtu aliyekaa mbele. Pwani kuna sherehe za wanawake ambako simu zinazuiwa mlangoni kwa ajili ya stara. Bibi harusi anakaa, piko mikononi, na kila aliyekuja anamwangalia kwa macho yake mwenyewe mpaka atosheke. Wale ndio mashahidi.

Wengine watasema mpiga picha ameshalipwa, tena kwa fedha za michango, lazima atumike. Atumike, ila kwa siku kama inavyokwenda. Mpwa wangu alipoolewa, Tanga, tulikata mambo mawili tu. Ufukweni hawakwenda. Na picha za ukoo zilipigwa hapo hapo nje ya kanisa, chini ya mti, kwa orodha iliyoandikwa wiki moja kabla, huku mama mdogo mmoja anayemjua kila mtu akiita majina. Dakika 25 zilitosha kwa pande zote mbili. Saa kumi na mbili na nusu maharusi walikuwa mezani, wanakula chakula cha moto, jambo ambalo nilikuwa sijawahi kuliona. Picha wanayoipenda kuliko zote ilipigwa muda mfupi kabla ya hapo, mlangoni. Bibi yake ameinama, anaufungua mkanda wa kiatu cha mjukuu aliyelalamika kuwa kinambana. Bwana harusi ameshika kiatu cha pili, na wote watatu wanacheka. Hakuna aliyewaambia wacheke.

Kwa hiyo kwenye kikao kijacho cha kamati, ajenda ya picha itakapoletwa, ulizeni kwanza wageni watakula saa ngapi. Jibu liandikwe kwenye muhtasari. Kisha teueni mtu mmoja, ikiwezekana mama wa makamo asiyeogopa macho ya watu, apewe saa na mamlaka ya kumwendea mpiga picha wakati wowote na kumwambia: basi, mwanangu, tunawarudisha watoto kwa watu wao.