MFUNGO SITA UNAKUJA: SHUGHULI ZETU ZITAACHA NINI ASUBUHI YAKE?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu zangu katika imani, Mfungo Sita, yaani mwezi wa Rabiul Awwal, unakaribia, na huku kwetu Pangani matangazo yameshaanza. Ijumaa baada ya sala anasimama huyu kutangaza maulidi ya kijijini kwao, anafuata mwingine na mashindano ya kuhifadhi Qur'ani, mwingine harusi, mwingine ligi ya vijana ya kugombea mbuzi, mwingine siku ya kupima afya na kuchangia damu. Kwenye simu nako kadi za michango zinapishana. Mjini, ng'ambo ya Bweni, Mwera, mpaka Kipumbwi, kila mtu ana usiku wake, na wenzake wanajipanga kumwitikia.

Alhamdulillah, hii ni neema. Watu wasiokutana huanza kuogopana, kisha hudhaniana vibaya. Nimeona waliokuwa hawasemezani wakikalishwa sinia moja ya pilau wakaanza kuulizana habari za watoto.

Na mapema niseme: leo sizungumzii hitilafu ya kusoma au kutosoma maulidi. Hilo lina darsa zake na vitabu vyake. Anayesoma maulidi ana kamati na bajeti. Asiyesoma naye ana muhadhara, ana daura, ana mashindano, na vyote hivyo vina kamati na bajeti. Maneno yangu yanawahusu wote wawili.

Swali langu ni hili: turubai likishakunjwa, masufuria yakisharudishwa kwa wenyewe, wageni wakishapanda magari yao, asubuhi yake pale kijijini kumebaki nini?

Tazama fedha zinavyokwenda. Turubai na viti vinalipwa. Vipaza sauti vinalipwa, na jenereta linatiwa mafuta. Ng'ombe ananunuliwa, mchele, nazi, mafuta ya kupikia. Mgeni anayetoka mbali anapewa nauli yake. Sisemi lolote kati ya haya ni haramu. Kukirimu wageni ni katika dini. Lakini hatua chache kutoka penye turubai kuna banda la madrasa. Pale yupo ustadhi anayefundisha watoto mwaka mzima, jua na mvua, kwa vijisenti wanavyoleta Alhamisi, na nusu yao hawaleti. Yeye hayumo kwenye bajeti.

Siku ya mashindano ndiyo utaona vizuri. Mtoto anasoma juzuu tano, anasoma juzuu kumi, watu wanalia kwa utamu wa sauti. Anapewa baiskeli, anapewa godoro, wazazi wanapigwa picha. Ni haki yake. Kisha anaitwa ustadhi wake, anapewa kanzu na takbira tatu. Aliyemfundisha mtoto yule kutofautisha "hā" na "khā", aliyemrudisha kwenye aya moja mara arubaini, anarudi nyumbani na takbira. Mke wake hawezi kuzipika.

Namjua ustadhi mmoja wa mwambao huu ambaye wanafunzi wake walizoea kushinda. Leo anaendesha bodaboda. Hakuna aliyemfukuza, na hakugombana na mtu. Watoto wake walikuwa wanataka madaftari na sare kama watoto wako. Darasa lake lilibaki na mtu wa kushika fimbo tu, na mwaka uliofuata pale hapakuwa na mtoto wa kupeleka mashindanoni. Shughuli kila mwaka zilikuwa kubwa, na kisima kilichokuwa kinazinywesha tumekiacha kikauke.

Wapo watakaosema: "Ustadhi afundishe kwa ajili ya Allah." Naam, nia iwe kwa Allah. Lakini mwenye turubai naye ni Muislamu, mbona yeye hatumwambii akodishe kwa ajili ya Allah? Katika Sahihi Bukhari imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) aliwaambia Masahaba waliopokea malipo kwa kumsomea mgonjwa kuwa kitabu cha Allah ndicho kinachostahiki zaidi kuchukuliwa ujira. Wanachuoni wengi wameruhusu ujira wa kufundisha Qur'ani, na miongoni mwao ni Imam Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyoenea mwambao wetu. Na ametufundisha Mtume (s.a.w.) kwamba mbora wetu ni mwenye kujifunza Qur'ani na kuifundisha. Basi mbora huyo tunamweka wapi katika mahesabu yetu?

Kwa hiyo nawaomba wanakamati, wazee wangu na vijana wangu, mzingatie mambo manne.

1. FUNGU LA MADRASA LITOKE KWANZA.
Kabla ya turubai. Mkikusanya shilingi 1,500,000, toeni fungu moja katika kumi, yaani 150,000, liwekwe kwa ajili ya ustadhi na madrasa ya pale pale. Tahadhari: hii si zaka, msiiite zaka. Na lazima waambiwe wachangiaji tangu mwanzo, iandikwe kwenye kadi ya mchango, kwa sababu fedha aliyotoa mtu kwa ajili ya chakula ni amana, huigeuzi matumizi kwa fikra zako hata ukiwa na nia njema. Baada ya shughuli, mahesabu yasomwe msikitini mbele ya watu. Kisha endeleeni kidogo kidogo. Nyumba 100 zikitoa shilingi 1,000 kila mwezi ni shilingi 100,000 kila mwezi. Amali anayoipenda zaidi Allah ni ile inayodumu ijapokuwa ndogo, hivyo ndivyo ilivyopokewa kutoka kwa Mama Aisha (r.a.) katika Bukhari na Muslim.

2. SHUGHULI ISIILE SALA.
Tukikesha mpaka saa nane za usiku, kisha Alfajiri msikitini wakasali wazee watatu na muadhini, tumefanya biashara ya hasara. Anzeni mara baada ya Isha, mmalize mapema. Kuna mama zetu na watoto wanaorudi ng'ambo ya mto. Wajue kabla ya kuondoka majumbani kwao watavuka saa ngapi na nani.

3. SINIA IWAFIKIE WASIOALIKWA.
Katika hadithi ya Abu Hurayra (r.a.) iliyomo katika Bukhari na Muslim, chakula cha walima wanaoitwa matajiri wakaachwa masikini kimetajwa kuwa chakula kibaya kabisa. Kila mtaa una bibi asiyeweza kutembea na mjane asiye na nguo ya kutokea mbele za watu. Sahani zao zitoke jikoni kabla ya za meza kuu.

4. SIKU YA AFYA NAYO IJAE.
Matangazo ya pilau hayahitaji kurudiwa, ya kuchangia damu tunabembelezana. Allah anatwambia katika Suratul Maida kuwa mwenye kuihuisha nafsi moja ni kama aliyewahuisha watu wote. Mama anayejifungua akipoteza damu hasubiri mchango wa kadi. Kijana mwenye afya aliyepanga foleni ya chakula, apange na hiyo.

Na zipo shughuli zisizo na kadi wala kipaza sauti: kufagia msikiti, kufyeka makaburi, kumzika mtu asiye na jamaa. Mnakijua kisa cha mwanamke aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume (s.a.w.) Madina. Alipofariki, watu waliliona jambo lake dogo, wakamzika bila ya kumjulisha Mtume. Alipomuuliza na kuambiwa, aliwalaumu kwa kutomwambia, akataka aonyeshwe kaburi lake, akaenda kumsalia. Yule mama hakuwahi kukaa meza kuu. Lakini Mtume aliona pengo lake.

Basi ndugu yangu, mwaka huu ukialikwa nenda, kula, furahi, mswalie Mtume wako kwa wingi. Na kabla ya kutoa mchango muulize mwenye kadi swali moja tu: "Ustadhi wa hapa amewekewa nini?" Wakiulizwa mara tano, mara ya sita watakuwa wameshaliweka.

Ewe Mola wetu, zibariki shughuli zetu, uzijaalie ziwe hoja kwetu na zisiwe hoja juu yetu, na uwaruzuku walimu wa watoto wetu riziki ya halali iliyo pana. Amin.

Ukiona lina faida, mfikishie mwenzako, hasa aliyemo kwenye kamati.

Wabillahi tawfiq.