Simu haiziki maiti wala haipatanishi majirani

Masisi – Mtu akifariki leo katika kijiji cha Masisi, au chini ya hema la wakimbizi wa ndani, habari inafika mbali kabla wazee hawajakubaliana saa ya maziko. Kikundi cha WhatsApp cha familia kinajaa mara moja: «Pole sana», mishumaa, mikono ya kuomba, picha ya marehemu yenye maua pembeni. Waliotuma pole wanaweza kuwa hamsini. Lakini jioni, penye moto wa matanga, utakuta wazee wanne na mama wawili wanaopika maharagi. Kaburi linachimbwa na vijana watatu, na mmoja wao kila mara anaweka jembe chini ili ajibu ujumbe.

Baadhi ya hao hamsini wako mbali kweli: Kampala, Bukavu, Kisangani. Hao hawana kosa. Lakini wengine wanakaa avenyu ileile, na kutoka kwao mpaka matangani ni hatua mia. Walituma mshumaa wa picha, wakaona wamemaliza kazi.

Hakuna mtu mwenye akili atakayeomba simu irudishwe dukani. Lakini simu haiwezi kukaa mahali pa mtu. Na katika wilaya za Masisi na Walikale, ambako vita vimewatenganisha majirani mara nyingi tangu 1993, watu kuacha kukaa pamoja ni hatari kuliko inavyofikiriwa.

Simu ipewe haki yake

Kwanza, ukweli usemwe. Kuna siku Walikale ililia kwa sababu ya kukosa simu. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, watu wenye silaha waliingia Luvungi na vijiji vingine kwenye barabara ya Kibua–Mpofi. Zaidi ya watu 300 walibakwa. Hakukuwa na mtandao wa simu kule, na walinda amani wa Umoja wa Mataifa waliokuwa na kambi Kibua hawakufika kwa wakati. Baada ya aibu hiyo ndipo MONUSCO ilipoanza kugawa simu vijijini ili raia waweze kutoa tahadhari. Mtu wa Luvungi akiambiwa kwamba simu ni mchezo wa vijana, ana haki ya kukasirika.

Tena, tangu Goma ilipoanguka mikononi mwa M23 mwisho wa Januari 2025 na benki zikafungwa, pesa ya simu ndiyo imelisha familia nyingi. Mama aliyepoteana na watoto wake barabarani amewapata kwa simu. Mume aliyebaki Walikale na mke aliyekimbilia mbali wanasikia sauti moja ya mwingine kila Jumapili, mtandao ukiruhusu. Simu ni dawa kwa wale waliotenganishwa. Ubaya unaanza pale dawa hiyo inapotumiwa na watu ambao hakuna kilichowatenganisha isipokuwa uvivu.

Kilichopotea jioni

Watu wa miaka arobaini na kuendelea wanakumbuka. Jioni radio moja ilikuwa inawekwa kwenye baraza ya nyumba, na watu kumi wakaizunguka. Habari ikiisha, mabishano yanaanza. Huyu anasema mtangazaji amekosea jina la kijiji, yule anasema mjomba wake alipita pale juzi na hakuona askari hata mmoja. Kasiksi inazunguka, watoto wanasikia wakubwa wanavyobishana bila kupigana. Habari iliingia masikio kumi, ikatoka imepimwa.

Leo radio iko ndani ya simu, na simu iko ndani ya sikio. Watu wanne wanakaa kwenye benchi moja, kila mmoja na waya wake. Mmoja anacheka, wengine hawajui anacheka nini. Kwenye nyumba za kuchajia simu, mahali ambapo watu wangeweza kuzungumza wakisubiri, kila mmoja ameinamia simu yake iliyofungwa ukutani. Hata salongo ya Jumamosi imepungua nguvu: vijana wanafika, wanapiga picha na jembe mkononi, picha inaenda kwenye kikundi, na mfereji unabaki umejaa taka.

Kikundi cha kabila si baraza

Hata hivyo jioni tupu si hasara kubwa kuliko zote. Hasara kubwa ni vikundi vya WhatsApp ambavyo karibu vyote vimejengwa juu ya kabila. Kuna kikundi cha vijana wa jamii hii, kikundi cha wazee wa jamii ile, kikundi cha wana wa kijiji fulani ambacho kwa siri ni cha kabila moja tu. Wakati kambi za Bulengo na Lushagala zilipokuwa zimejaa, familia zilizotoka kilima kimoja cha Masisi, za jamii tofauti, zililala hema kwa hema. Zilichota maji kwenye bomba moja. Lakini usiku kila hema lilikuwa linasikiliza sauti ya kwake kutoka kwenye kikundi cha kwake, na sauti hiyo mara nyingi ilikuwa inasema: wale mnaolala nao karibu ni wabaya.

Sauti hizo zinafanana. Hazina jina la msemaji, hazina tarehe, hazina jina la mahali. «Wametuua tena, tuma kwa wenzako kumi.» Picha ya maiti inayosambazwa inaweza kuwa ya miaka kumi iliyopita, au ya nchi nyingine kabisa. Aliyeituma hakuiona kwa macho, naye alitumiwa. Na aliyemtumia, naye alitumiwa.

Barazani mambo hayaendi hivyo. Mtu akisema neno zito mbele ya wazee anaulizwa: Uliona wewe mwenyewe? Siku gani? Ulikuwa na nani? Shangazi yake amekaa pale, anajua kama ni mwongo tangu utoto. Na jirani wa jamii nyingine amekaa pale pia, kwa hiyo msemaji anapima ulimi wake. Kwenye kikundi cha kabila hakuna shangazi wa kuuliza na hakuna jirani wa kujibu. Mtu anatukana watu ambao hawapo, na kila atakayemsikia ni wa upande wake.

Kuna watakaojibu: mwaka 1993 hakukuwa na simu, na watu waliuana. Ni kweli kabisa. Umwagaji damu ulioanza katika soko la Ntoto, Walikale, mwezi wa Machi 1993, ukaenea mpaka Masisi na kuua maelfu, haukuhitaji mtandao. Uvumi ulitembea kwa miguu na ukafika. Lakini waulizwe tena: ni kitu gani kilituliza moto ule? Mwisho wa 1993 watu wa jamii mbalimbali walikutanishwa, wakatazamana usoni, na utulivu ukarudi kwa muda, mpaka vita vya Rwanda vya 1994 vilipomwaga watu na silaha upande huu. Mwaka 1998 ikaundwa Barza ya jamii mbalimbali za Kivu Kaskazini, na jina lake lenyewe lilitoka kwenye baraza. Hata mapatano ya tarehe 23 Machi 2009, yale ambayo M23 ilichukua jina lake kwayo, yaliahidi kamati za mapatano za mitaa. Waliotaka amani walirudia jambo lilelile: watu wakae.

Wengine watasema mabaraza hayo yote hayakuzuia vita. Ni kweli pia. Hayakuweza kuzuia vita vya wakubwa, wenye mizinga na ndege. Lakini kuna ugomvi ambao hauamuliwi na wakubwa. Kambi za pembeni ya Goma zilibomolewa Februari 2025, na maelfu ya watu wakarudi Masisi. Wengi walikuta shamba linalimwa na mwingine, mti wa mpaka umekatwa, nyumba ina mlango mpya. Ugomvi wa namna hiyo unamalizika pale tu ambapo wenye shamba, majirani wa pande zote na mzee anayekumbuka mpaka wanatembea pamoja juu ya ardhi ile, mti kwa mti, jiwe kwa jiwe. WhatsApp haitembei kwenye mpaka wa shamba. Ikiingizwa katika ugomvi huo, inaleta watu wa Goma, Kinshasa na Ulaya ambao hawajawahi kulima pale, nao ndio wanaopiga kelele kuliko wote.

Wanyanga wa Walikale walijua tofauti hii kabla antena ya kwanza haijasimamishwa. Mwaka 1956 mtambaji She-Karisi Rureke alimsimulia mtafiti Mbelgiji Daniel Biebuyck hadithi ya Mwindo kwa siku 12, akiimba na kucheza mbele ya watu. Katika hadithi hiyo Mwindo anashuka chini ya ardhi kumtafuta baba yake, na anamwachia shangazi yake Iyangura ncha ya kamba. Kamba ikitikisika, shangazi ajue kijana yu hai. Ikitulia, ajue amekufa. Hiyo ndiyo kazi ya simu, na ni kazi nzuri. Lakini ugomvi wa Mwindo na baba yake haukumalizwa kwa kamba. Ulimalizwa juu, kijijini, watu wote wamekusanyika, baba akikiri makosa yake mbele yao.

Udongo ni wa hapa

Kuna uchungu mwingine usioweza kunyamaziwa. Coltan ya Rubaya, wilayani Masisi, inakadiriwa kutoa karibu asilimia 15 ya tantali ya dunia, na tantali ndiyo inayotengenezea vipuri vidogo vinavyotunza umeme ndani ya simu. Bati ya Bisie, wilayani Walikale, ni ya aina inayounganisha vipuri hivyo. M23 ilichukua Rubaya mwisho wa Aprili 2024. Vijana wanaingia mashimoni na wengine hawatoki. Watu wa hapa wamekwisha kutoa udongo, jasho na damu ili dunia izungumze. Si haki watoe pia jioni zao, matanga yao na ujirani wao.

«Ni woga, si simu»

Jibu moja linastahili kusikilizwa kwa heshima. Wako wanaosema: watu hawakutani tena juu ya woga. Barabara ina bariere, usiku una risasi, mgeni anashukiwa. Kweli, na hakuna anayepaswa kumwomba mtu avuke bariere usiku ili aende matangani. Atume pesa kidogo, apige simu, Mungu ataelewa.

Lakini woga hauelezi hatua mia za avenyu moja, wala benchi la watu wanne wenye waya masikioni. Na anayedhani kwamba simu ni mahali salama pa kusemea, akumbuke ni watu wangapi wanafuta ujumbe wao haraka kabla ya kufika kwenye bariere. Neno lililosemwa jikoni kwa jirani linabaki jikoni. Sauti iliyotumwa kwenye kikundi inatembea na jina la mwenyewe mpaka mikononi mwa asiyemjua.

Yanayoweza kufanyika

Wasimamizi wa vikundi waanze wao. Sauti isiyo na jina la msemaji, tarehe na mahali, ifutwe, na aliyeituma aulizwe kama anavyoulizwa barazani. Msimamizi anayeacha chuki ipite katika kikundi chake asijifiche nyuma ya kusema kwamba si yeye aliyeandika.

Machifu, makanisa na shirika la raia warudishe kikao cha majirani, hata saa moja tu baada ya salongo, mchana, mahali pa wazi, watu wa jamii zote. Kisianze na siasa. Kianze na mambo ya bomba la maji, mbuzi waliokula mashamba, na mipaka ya waliorudi.

Familia zenye msiba ziweke kikapu mlangoni: anayeingia matangani aache simu humo mpaka atoke. Aliye mbali apige simu na kuzungumza, badala ya kusukuma picha ya mshumaa. Aliye karibu asipige. Aende.

Na kijana anayesoma maneno haya kwenye simu ya Android, kwa mega alizonunua kwa shida, anaweza kufanya jambo moja leo. Amsomee kwa sauti mzee au mama asiye na simu aliye karibu naye, kisha amuulize kama ni kweli. Mzee huyo huenda akakataa nusu ya haya yote. Wabishane hapo hapo, mpaka chakula kiive.