Lenzi za Rangi si Hereni

Ndugu Mhariri,

Nina dukuduku juu ya lenzi za rangi za kuvaa machoni.

Mwaka jana binti wa kaka yangu alikuja kunitembelea akitokea Geita, macho yake yakiwa ya kijivu. Nilipomwuliza alicheka: "Shangazi, haya ni ya harusi tu." Alizinunua duka la vipodozi, zimepangwa pamoja na wanja na kope za bandia. Muuzaji alimwuliza neno moja tu, rangi gani.

Sipingi urembo; hata sisi tulipaka wanja. Lakini binti huyu haoni vizuri mbali tangu shule ya msingi, naye alidhani lenzi zitamsaidia. Kumbe zilikuwa za rangi tupu, hazina namba. Akabaki haoni ubao wa basi kwa macho ya kijivu kama alivyokuwa haoni kwa meusi!

Lenzi za rangi zenye namba zipo. Ila lazima mtaalamu apime nguvu ya kuona na pia mviringo wa kioo cha jicho, kwa sababu jicho la huyu si la yule. Kioo hicho hakina mishipa ya damu, hupata hewa yake kutoka nje. Ndiyo sababu mtu akilala na lenzi anajitafutia vidonda. Wala lenzi haioshwi kwa maji ya bomba, ya kisima au kwa mate, maana majini mna vijidudu viwezavyo kumpofusha mtu. Marekani, tangu 2005, sheria inaihesabu hata lenzi ya urembo tupu kuwa kifaa cha tiba, haiuzwi bila cheti cha mpimaji. Sisi wenye vumbi la makarasha na mikono iliyoshika zebaki tunaazimana! Binti alimwazima rafiki yake, na siku ya tatu jicho lake likawa jekundu kama pilipili.

Hapo niliingiwa na woga wa namna nyingine. Watu wa Shinyanga na Geita tunajua macho mekundu yamewagharimu nini bibi zetu. Wamepika maisha yao yote kwa kuni na mavi ya ng'ombe makavu, moshi ukayaharibu macho, kisha wengine wakakatwa mapanga wakiitwa wachawi. Hakuna aliyewapeleka kupimwa. Na huyu binti, pamoja na simu yake na elimu yake, naye hakuna aliyempima.

Naiomba Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba na Baraza la Optometria wapite katika maduka hayo. Wapimaji wa macho nao wafike minadani, maana siku ya mnada bibi na mjukuu wote wapo.

Binti alitibiwa hospitali akapona, na sasa anavaa miwani. Bado anataka lenzi, safari hii za kahawia na zenye namba. Nimemwambia asinunue mpaka tuende wote kwa mpimaji, nami nipimwe, kwani sindano siku hizi natungiwa uzi na watoto wa jirani.

Msomaji wako,
Shinyanga.