Udi na Asetoni Visikae Chumba Kimoja



Msimu wa harusi ukifika, vyumba vingi vya Ujiji na Mwanga hugeuka saluni. Bibi harusi yuko mkekani, huyu anamchora hina, yule anampaka rangi ya kucha, na pembeni chetezo kinafuka udi. Sisi hapo tunaona hatari.

Asetoni, ile dawa ya kutolea rangi ya kucha, hutoa mvuke unaoshika moto hata ikiwa baridi kama barafu, sembuse katika joto letu la Kigoma. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi darini, hutambaa sakafuni, na makaa ya chetezo yako hapohapo sakafuni. Tena sisi tunaotia udhu chupa hiyo tunaifungua mara nyingi kuliko wengine.

Tunashauri kucha zimalizwe kwanza, dirisha likiwa wazi, chupa ifungwe, na pamba zilizotumika zitolewe nje. Udi uingie baadaye. Makungwi watanuna kidogo, wanune tu.

Nyumba za wenye boti zina mzigo mkubwa zaidi: dumu la petroli ya mashine, thina na makopo ya rangi, vyote uvunguni au stoo jirani na jiko. Petroli ni kali kuliko asetoni. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, na moto ukaua zaidi ya 100. Vitu hivi visilale ndani. Viwekwe banda la nje lenye hewa na kufuli, kila kimoja katika chombo chake chenye mfuniko. Chupa ya maji ya kunywa hapana kabisa! Mtoto mwenye kiu hatanusa kwanza. Akishakunywa msimtapishe, mkimbizeni hospitali.

Mtume (S.A.W.) ametukataza kuacha moto ukiwaka nyumbani tunapolala, kwa hiyo hata chetezo cha fungate kizimwe.

Petroli ikishika moto msiimwagie maji, huelea juu yake na kusambaa. Tokeni nje, pigeni 114 kwa Zimamoto. Kwa moto mdogo, ndoo ya mchanga mlangoni inatosha, na mchanga ziwani kwetu hauuzwi.