ETI MKE ANAYEPIKIA SUFURIA LA UMEME HAJAFUNDWA? ACHENI HIZO!

Kuna mchekeshaji mmoja, jina kapuni, ana wafuasi kibao na kila wiki lazima atafute kiki kwa mgongo wa wanawake. Safari hii kaja na mpya: mke anayetumbukiza nyama asubuhi kwenye sufuria la umeme la kupika polepole, akaenda kazini, akarudi jioni na kukuta mchuzi tayari, eti ni mvivu, arudishwe kwao akafundwe upya. Klipu imefika hadi Nyasura pale Bunda, vijana wa vijiweni wanarushiana huku wanacheka.

Wacheke, lakini wajue wanachokicheka.

Ng'ombe wa kienyeji wa Mara katembea malishoni miaka, msuli umekaza. Nyama ya shingo au ya mguu ukiikimbiza kwa moto mkali, utatafuna mpaka taya ziume. Inataka moto mdogo na saa nyingi, ndipo ile mishipa inalainika na mchuzi unakuwa mzito. Mabibi walilijua hilo zamani. Chungu kwenye mafiga, kuni zinapunguzwa, makaa yanabaki, nyama inatokota yenyewe huku bibi yuko shambani. Na yeye alikuwa mvivu?

Tena hilo sufuria lenyewe limetokana na chungu cha kijijini. Mmarekani Irving Naxon, aliyepata hataza yake mwaka 1940, alichota wazo kwenye simulizi za familia yake kuhusu Wayahudi wa Lithuania. Ijumaa walipeleka vyungu kwenye tanuri la mwoka mikate, vikaiva usiku kucha kwa joto lililobaki, maana Sabato hawapiki. Mwaka 1971 kampuni ya Rival ikaliingiza sokoni kwa jina la Crock-Pot, na wanawake wanaofanya kazi wakalipenda. Yaani lilipendwa na watu walewale mchekeshaji anaowatukana.

Gharama je? Sufuria la wati 200 likiwaka saa 8 linakula yuniti 1.6. Kwa bei ya karibu shilingi 356 kwa yuniti, haifiki hata shilingi 600. Moshi hakuna, kupepea hakuna. Na mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Sasa nani yuko nyuma hapo?

Ila na yule dada wa mapishi wa Dar, anayewaita washamba wote wanaopikia mkaa, naye apunguze mbwembwe. Si kila nyumba ina umeme, na si kila mtu ana hela ya kununua hilo sufuria. Badala ya kuringa, angewaambia wafuasi wake mambo ya maana. Kaanga nyama na vitunguu kwanza, ladha ikolee. Maji weka kidogo, maana mvuke hautoki. Maharage mekundu makavu usiyatupie humo mabichi, yana sumu ambayo joto dogo haliiondoi. Loweka, mwaga maji, chemsha kwa nguvu dakika 10 kwanza. Na umeme ukikatika wewe haupo, hujui ulikatika muda gani, chakula hicho mwaga hata kama roho inauma. Hayo hayasemi, kazi kuonyesha kucha tu.

Turudi kwa mchekeshaji. Shida yake si nyama. Kinachomuuma ni zile saa tatu ambazo mwanamke hakukaa amejikunyata mbele ya jiko. Kwake mapenzi hupimwa kwa moshi machoni. Mke huyohuyo akirudi jioni anafua, anaogesha mtoto, anasonga ugali, na hilo hakuna anayelitengenezea klipu.

Mwanaume anayetaka mchuzi wa mkaa tu, jiko lipo uani na kipepeo kipo. Apepee.

Wadau mnasemaje? Maoni hapo chini, matusi hapana.