Goti Si Mlingoti

Aliyefika Busia au Malaba amewaona wazee waliobeba abiria mpakani tangu enzi ambazo bodaboda ilikuwa baiskeli, kabla pikipiki hazijalirithi jina hilo. Baadhi yao leo hutembelea bakora. Sisemi kwamba baiskeli ndiyo iliyowadhuru. Umri, uzito na majeraha ya zamani hutosha kulila gegedu la goti hata mfupa ukasuguana na mfupa.

Dawa na mazoezi yakishindwa, hubaki goti bandia. Hiyo ni safari ya Eldoret au Nairobi, na kwa jamaa nyingi ni ng'ombe au shamba kuuzwa. Baada ya gharama hiyo, je, goti litawekwaje?

Kwa miongo mingi madaktari wapasuaji wamefuata kanuni moja: mstari utokao katikati ya nyonga hadi kifundo cha mguu sharti upite katikati ya goti, na mifupa ikatwe kwa nyuzi 90 kamili dhidi ya mstari huo. Kanuni hiyo ina hekima yake, kwani hugawanya uzito sawasawa. Lakini je, sote tuliumbwa wima kama mlingoti? La hasha! Mwaka 2012, Johan Bellemans na wenzake wa Ubelgiji walitangaza vipimo vya vijana 250 wasiougua magoti. Katika kila mia, wanaume 32 na wanawake 17 walikuwa na matege ya asili ya nyuzi 3 au zaidi. Kumnyoosha mtu wa namna hiyo ni kumpa mguu asiowahi kuwa nao. Ndiyo sababu Stephen Howell wa Marekani, tangu 2006, ametetea njia ya kulirudishia goti mkao wake wa kabla ya ugonjwa.

Utafiti haujaipa njia yoyote ushindi kamili. Hata hivyo, nashikilia kwamba mgonjwa asikatwe mfupa kabla ya kupigwa eksirei ya mguu mzima akiwa amesimama, na kabla ya kuulizwa miguu yake ilikuwaje ujanani. Matege yaliyoletwa na mfupa uliovunjika yanyooshwe. Yale ya asili yafikiriwe mara mbili.

Walimu wa hisabati na bayolojia, uchoreni mstari huo ubaoni. Huenda mwanafunzi wa leo ndiye atakayemsindikiza babu yake hospitalini kesho, na ajue la kuuliza. Wahenga walinena kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake. Magoti nayo ni vivyo hivyo.