Majitaka ya Umma, Hasara ya Mwenye Nyumba

Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, tulitarajia kwamba kura huru ingemlazimisha mtawala kujibu hata maswali madogo. Leo tunalo moja, tena lenye harufu mbaya: majitaka ya umma yakirudi ndani ya nyumba ya mlipa kodi, nani atawajibika?

Homa Bay imekaa kwenye mteremko, kati ya Kilima cha Asego na Ghuba ya Winam. Mvua kubwa inyeshapo, maji ya barabarani na ya mapaa hupenya katika mabomba ya majitaka. Bomba likijaa, au likizibwa na mchanga na matambara, uchafu hutafuta tundu lililo chini kuliko yote, na mara nyingi tundu hilo ni la bafu la nyumba ya bondeni. Wa juu hana habari. Mjini Migori viwanja vingi hutegemea vyoo vya shimo na matangi yaliyozikwa. Yakifurika, uchafu humfikia jirani, kisha mto, na Mto Migori huishia ziwani.

Hayo si ya kuziba pua tu. Kati ya Juni 1997 na Machi 1998, hospitali za Mkoa wa Nyanza zililaza wagonjwa 14,275 wa kipindupindu, 547 walifariki. Mwaka 2015 ugonjwa huo uliwarudia watu wa Migori na Homa Bay.

Mwenye nyumba ana wajibu wake, nasi hatumfichi. Asielekeze maji ya paa kwenye bomba la majitaka. Atie vali ya kuzuia maji kurudi. Yakishaingia, watoto waondolewe, umeme ukatwe kabla ya mtu kukanyaga maji, buti na glavu zivaliwe, magodoro yaliyolowa yatupwe, sakafu isuguliwe kwa sabuni, kisha klorini. Lakini gharama hiyo yote huibeba peke yake, ilhali bomba lililoziba liko barabarani!

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti huduma za maji na usafi, na Ibara ya 43 imevifanya viwango vinavyofaa vya usafi kuwa haki ya kila mtu. Kwa hiyo twadai kila kaunti itangaze, kabla ya mvua za Machi, mabomba yatakayozibuliwa, fedha zilizotengwa, na njia ya kumfidia aliyeharibiwa mali. Twawadai wawakilishi wa wadi wa vyama vyote, wa upinzani wakiwemo. Orodha hiyo ibandikwe sokoni, mahali ambapo ajuaye kusoma atamsomea asiyejua.